Kibanja Kisichopigiwa Hodi

Siku yenyewe ilianza vizuri tu, wala hakuna aliyeota ndoto mbaya. Ilikuwa siku ya gulio Omurushaka, malori ya ndizi yamejipanga barabarani, wapiga debe wa mabasi ya Bukoba wanagombania abiria kama kawaida yao, na Hirwa fundi mwashi amevaa shati lake la kanisani kwenda kuchukua kibali cha ujenzi. Aliondoka nyumbani akipiga mluzi. Mkewe, Dusabe, alimtania kwamba hata siku ya harusi yao hakupendeza hivyo.

Mtu asiyewahi kufukuzwa kwenye nyumba hawezi kuielewa furaha ile. Hirwa aliwajengea watu nyumba kuanzia Kanoni mpaka huko Kyerwa, nyumba za madirisha ya vioo na baraza za vigae, halafu jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga kinachovuja. Mama yake, bibi Nyirabahire, aliingia nchi hii kutoka Rwanda akiwa binti. Akachuma kahawa za watu, akapalilia migomba ya watu, akalala nyumba za watu mpaka meno yote yakamwisha. Wenye nyumba walimtoa alipougua, wakamtoa alipojifungua, wakamtoa mvua ikinyesha. Ndiyo maana Hirwa alimwahidi kitu kimoja tu maishani: mama, hutafia kwenye nyumba ya mtu. Na sasa kifua cha bibi kilikuwa kinakoroma vibaya, na daktari alishaacha kuzungumzia habari za kupona.

Kiwanja alikuwa amekinunua kwa Rwezaura, mfanyabiashara wa kahawa mwenye asili ya Muleba. Kilikuwa kibanja cha zamani pembeni ya mji, shamba la migomba la ukoo ambalo zamani lilikuwa na nyumba katikati. Migomba imeshonana, mchana jua halifiki chini. Ukiifuata njia nyembamba unatokea mahali peupe palipopandwa maharage, na hapo kwenye maharage ndipo Hirwa alipokwisha kuuona msingi, vyumba, mpaka dirisha la mama yake linalotazama mawio.

Kule halmashauri alipokewa na mkaguzi wa majengo, kijana mpole aitwaye Rogasian. Alikuwa anatafuna kitu taratibu.

"Ndugu Hirwa, pole. Ombi lako limekataliwa."

"Limekataliwa kwa kosa gani?"

"Hatuwezi kukupa kibali cha nyumba mpya mahali penye nyumba ya watu. Mle ndani kuna bibi anaishi."

Hirwa alicheka, na alicheka kwa dhati. "Bibi gani, kaka? Mle kuna migomba na maharage. Umekwenda kiwanja cha mtu mwingine."

"Nimekwenda chako," Rogasian alisema, na akakitaja kila kitu: njia, mti wa parachichi wenye kovu, jiwe alilolilaza Hirwa mwenyewe kama alama. "Nikapiga hodi pale njia inapoingilia, maana nyumba yenyewe imejificha. Nikaitikiwa. Nyumba ya udongo, safi kabisa, sakafuni nyasi za kukatwa leo leo. Bibi mwembamba, mcheshi. Akaniuliza kwetu, akanipa kahawa."

Akafungua kiganja. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa na maganda yake, anayokaribishwa nayo mgeni katika nyumba zote za huku. Rogasian akaitazama kwa mapenzi kidogo yaliyozidi. "Tamu," alisema. "Na haiishi mfukoni, sijui kwa nini."

Hirwa alipitia kibanjani kabla ya kurudi nyumbani. Akazunguka kote, akakanyaga maharage, akatikisa migomba kwa hasira. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na hata tofali. Alichokikuta ni rundo la nyasi mbichi zilizokatwa vizuri na kulazwa upande mmoja, na akajiambia kwamba ni mchunga ng'ombe kazisahau.

Akakata rufaa. Wangapi wangekata? Wengi wetu tukiambiwa hapana na mtu mwenye muhuri tunashukuru na kuondoka. Hirwa aliishikilia rufaa yake kama mtu anayedai mwanawe, akapanda ngazi za ofisi mpaka makarani wakamzoea na kumwita kwa jina. Mwishowe mwenyekiti wa kamati ya rufaa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya ualimu aitwaye Noela, akasema hakuna haja ya kubishana, watakwenda kuona kwa macho.

Walikwenda asubuhi, jua linawaka. Hirwa alitangulia mbio. Alitaka wamkute katikati ya maharage, mikono ameitanua, waaibike wenyewe. Akawasikia wakifika kwenye maingilio ya njia. Akasikia sauti ya Noela, ile ya mtu aliyelelewa vizuri, ikisema, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Kimya.

Halafu akamsikia Noela akishukuru. "Asante, tumekaribia."

Wakatokea kwenye migomba, yeye na Rogasian. Hirwa akapaza sauti, "Haya, tazameni! Nyumba iko wapi? Nionyesheni nyumba!"

Noela alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma ya bega lake. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hirwa hakugeuka. Shingo ilikataa. Alisikia harufu ya moshi wa kuni, na ya nyasi mbichi, na ya kikwapa cha mtu mzee.

Rogasian akamsogelea, akamnong'oneza kwa adabu. "Ndugu Hirwa, sogea kidogo. Umemzibia bibi mlango."

Akasogea. Mungu wangu, akasogea! Miguu ilijisogeza yenyewe. Na kitu kikampita ubavuni, chepesi, kikamgusa kiwiko kama mtu anavyokugusa akisema samahani. Noela akanyoosha mikono yote miwili, akapokea kitu, akatia mdomoni. Akaanza kutafuna.

Jioni ile Hirwa alisimulia yote nyumbani. Dusabe akapiga ishara ya msalaba, akasema kibanja hicho kiachwe leo hii hii, wauziwe wengine wenye roho ngumu. Lakini bibi Nyirabahire, aliyekuwa amelala chini ya beseni lililotundikwa juu kukinga matone ya mvua, akainua kichwa.

"Wewe ulipopanunua ulipiga hodi?"

"Mama, mtu anapiga hodi kwenye ardhi yake?"

"Basi umeingia kwa mtu na jembe mkononi bila hata kumsalimia," bibi alisema. "Nipeleke kesho. Nimsalimie mimi."

Hakuna aliyeweza kumkatalia. Kulipokucha Hirwa alimpakia kwenye pikipiki ya jirani, Dusabe akamshikilia kwa nyuma. Walipofika kwenye maingilio bibi alijifunga kitenge vizuri, akasafisha koo na kuita hodi kwa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia, sauti ya msichana. Akasikiliza. Uso ukamchangamka. Akaenda zake ndani ya migomba bila fimbo.

Hirwa na Dusabe walimfuata kwa mbali wakishikana mikono. Walimwona akifika kwenye maharage, akiinama, kama mtu anayekwepa kizingiti cha juu. Wakamwona akiketi. Na hapo ndipo Dusabe alipoziba mdomo kwa kanga, maana bibi hakuketi chini. Aliketi hewani, kimo cha kigoda, magoti yamekunjika vizuri, mgongo umeegemea kitu ambacho hakipo. Alikuwa anaongea na kucheka. Kifua chake hakikoromi.

Alipotoka alikuwa anatafuna.

"Mama, unatafuna nini?" Hirwa alimuuliza, na ulikuwa wakati huo huo alipokumbuka kwamba mama yake hana jino hata moja. Lakini sauti ilikuwepo, ya kitu kigumu kinachovunjwa.

"Amenipa kahawa. Joviana anaitwa. Paa lake halivuji, Hirwa. Amenibembeleza nikae naye, yuko peke yake siku nyingi mno." Akashika mkono wa mwanawe. "Usiogope, mwana wanjye, mwanangu. Nimemkatalia. Nimemwambia nimechoka kukaa nyumba za watu, nasubiri ya kwangu."

Kutoka hapo Hirwa alikwenda moja kwa moja kwa Rwezaura na kumkamata ukosi mbele ya wateja wake. Joviana ni nani? Rwezaura, mtu mkubwa mwenye kitambi na sauti ya kuamrisha wapakiaji, akaishiwa nguvu hata kabla hajatikiswa. Akamvutia nyuma ya magunia. Akaongea chini chini huku anafuta jasho.

Joviana alikuwa shangazi yake. Alipenda wageni kupita kiasi. Kila asubuhi anatandika nyasi mpya, anaweka kikapu cha kahawa mlangoni, anangoja. Ndugu wote walihamia mjini na hakuna aliyekwenda, hata yeye Rwezaura ambaye duka lake haliko mbali. Alikufa amekaa kwenye kigoda, anatazama njia. Wakamzika pale pale, kama tunavyozika wote huku, mtu na kibanja chake. Mwaka ulipopita Rwezaura akataka kuuza. Nani atanunua kaburi la mtu asiye wa ukoo wake? Akaibomoa nyumba. Akang'oa mmea wa alama uliopandwa kichwani pa kaburi, akapasawazisha kwa jembe.

"Ukapanda maharage," Hirwa alisema.

"Nikapanda maharage."

"Na mimi nikakuuliza, kuna kaburi? Ukaniapia!"

"Nirudishie kibanja," Rwezaura alinong'ona. "Nitakurudishia kila kitu chako. Tutamjengea kaburi lake, tutasoma misa. Ila usiende kwenye rufaa. Usiseme neno lolote juu ya ile nyumba mbele ya watu, Hirwa. Ukishaitaja umeitaja."

Sasa hapa ndipo mtu unapotamani ungekuwepo umshike Hirwa mkono. Alikuwa ameahidiwa kila kitu chake. Angeweza kutafuta kiwanja kingine. Lakini mvua za masika zilikuwa zimeshashika, usiku mama yake anakohoa mpaka anapoteza fahamu, na kutafuta kingine ni kuanza upya: kupima, kuomba, kungoja, kukataliwa. Bibi asingefika huko. Dusabe alimsihi mpaka akalia. "Afe chumbani kwetu, mikononi mwetu, si vibaya," alisema. Hirwa akamjibu kwa ukali kwamba chumba si chao. Akavaa shati la kanisani, akaenda kusikilizwa.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu. Noela katikati, Rogasian pembeni, wajumbe wengine huku na huku. Hirwa alipoingia aliona kitu kilichomtia baridi: mashavu ya Noela yalikuwa yanacheza, na ya Rogasian pia, wote kwa mwendo mmoja, taratibu, wanatafuna.

"Ndugu Hirwa," Noela alisema kwa upole, "nyumba tumeiona. Hilo limekwisha. Limebaki swali moja. Kama nyumba ni ya mtu mwingine, basi umeuziwa mali ya watu, kiwanja kinafungwa na wewe utakwenda mahakamani, huko sijui utatoka lini. Lakini kama nyumba ni yenu, hakuna kesi. Nafuta katazo sasa hivi, nakupa kibali cha kuikarabati. Utabomoa, utajenga, utaongeza vyumba, shauri lako. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya kamati. Ile nyumba ni ya nani?"

Njia ilikuwa imefunguka, nyepesi, anavutwa mkono apite. Maneno matano tu na kesho anachimba msingi. Nyumba yenyewe haipo, akajiambia. Nitakuwa nimedanganya juu ya kitu kisichokuwepo, dhambi yake iko wapi? Alimkumbuka Rwezaura na jasho lake. Akamkumbuka mama yake chini ya beseni.

"Ni nyumba ya mama yangu," alisema.

"Ni mali yake?"

"Ni mali yake."

"Na ndiye anayekaa humo?"

"Ndiye."

Wakaacha kutafuna. Wote wawili, kwa pamoja. Rogasian akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo, akatoa leso na kutemea maganda.

"Hongereni," Noela alisema. "Bibi atafurahi."

Alirudi anakimbia. Sijui kwa nini alikimbia, maana alikuwa ameshinda. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, beseni limepinduliwa, kitanda kitupu. Dusabe alikuwa anatoka kisimani. Hakuwa ameona kitu. Jirani alisema bibi alitoka muda si mrefu, amejifunga kitenge cha sikukuu, mkeka kwapani, anatembea kama msichana anayekwenda harusini. Alimsalimia akamwambia, "Nahamia kwangu leo."

Walimkuta kwenye maharage. Alikuwa amelala ubavu, uso umetulia, mkeka umetandikwa vizuri, na chini ya mkeka nyasi mbichi, nyingi, zilizopangwa kuelekea upande mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha njia nzima. Dusabe na Hirwa walikuwa wamelowa chapachapa. Bibi alikuwa mkavu. Mkeka mkavu. Hata nyasi hazikuwa na tone. Na pembeni yake, kuzunguka pande zote nne, maharage yanadondosha maji.

Hirwa alimkumbatia akalia kwa sauti mpaka watu wakaja kutoka barabarani. Walipomshika kidevu ili wakifunge, walikuta mdomoni kahawa, imetafunwa ikalainika kabisa.

Hakumzika pale. Kila mtu alimwambia sasa ardhi ni yenu, mzike kwenye kibanja chake kama desturi, naye akakataa kwa matusi. Alimpeleka mbali, Kanoni, kwenye makaburi ya kanisa, akamjengea kwa saruji nzuri aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya msingi. Akamwambia Dusabe, angalau hapa hayuko kwa yule.

Maharage yalikuwa yamekomaa Rogasian alipokuja kuwatembelea kwenye chumba chao. Alikuwa amenenepa, macho yamechangamka, hatafuni tena. Alikuwa ameleta kibali. Ni wazi hakuwa na habari ya msiba, kwa maana aliingia akicheka.

"Nilikipeleka kwanza kule kwenu, nikadhani mmehamia," alisema. "Kumbe wako wale wazee wawili tu. Ama wamepatana! Kila mmoja na kigoda chake. Ila mama yako, ndugu Hirwa, amekununia."

Dusabe ndiye aliyeuliza. "Amenuna kwa nini?"

"Anasema mmempa nyumba, lakini hamjaenda kumwona. Anasema, mwambie Hirwa anajua mlango ulipo. Apige hodi tu."

Kibanja hakijajengwa mpaka leo. Rwezaura alikuja na mafundi wa kaburi, wakafika kwenye maingilio, wakageuka. Hakuna aliyesema wameona nini. Hirwa ameacha kazi za upande ule, na anapolazimika kupita, Dusabe huenda naye. Wakikaribia ule mwanya kwenye migomba, Dusabe humziba mumewe mdomo kwa kiganja, mbele za watu, bila haya, mpaka wapite. Watoto wa shule huwacheka. Pale mwanzo wa njia huwa kuna kikapu kidogo cha kahawa, kipya, kinafuka mvuke, na hakuna mwanamke wa jirani anayekubali kwamba ni wake.

Hirwa ameapa kwamba hajapiga hodi na hatapiga. Dusabe anamwamini, anataka kumwamini. Lakini Jumapili iliyopita, kanisani, wakati wa sala ya kimya, alisikia sauti ndogo pembeni yake. Akafumbua macho, akamtazama mumewe. Hirwa alikuwa amepiga magoti, mikono amefumbata, na mashavu yake yanacheza.

"Unatafuna nini?" Dusabe alimnong'oneza.

Hirwa akamgeukia akiwa na machozi, akameza.

"Mama ameniitikia," alisema. "Sauti yake ni ile ile."